Viti Vinne, Aprili

Saa kumi na mbili asubuhi, barafu bado imeng'ang'ania ziwa
na Duluth nzima inanuka chumvi ya barabarani.
Pahoua anatuunganisha na mashine mmoja mmoja,
sindano mbili kila mkono, ya kutoa na ya kurudisha,
na kabla damu yangu haijamaliza mzunguko wa kwanza
Toivo keshaanza:

"Mwaka huu Wahunzi hawana mrushaji."

Hivyo tu. Kama mtu aliyetupa njiti ya kiberiti nyasini
kisha akajifanya anatafuta miwani.

"Hawana mrushaji?" Lorraine, kiti cha pili.
"Na Quintero ni nani, mfagiaji?"
"Quintero ana kiwiko cha kushonwa."
"Kiwiko cha kushonwa kinatupa maili tisini na sita!"
"Kilitupa, mama. Kilitupa. Kitenzi cha jana."
"Kilitupa, ndiyo. Kilitupa ushindi kumi na nne.
Kilitupa sababu ya kutoka kitandani."

Nilitaka kucheka, ila shinikizo la damu likicheza
mashine hupiga kelele, na Pahoua hukunja uso.

Kiwiko chenyewe tunakijua kuliko mama yake:
walitoa uzi kwenye kifundo cha mkono mmoja
wakaufuma kwenye kiwiko cha mwingine,
kama fundi anayekata pindo la shati kuziba kola.
Miezi kumi na sita bila kurusha hata jiwe.
Toivo anasema mkono ukishashonwa ni wa kuvalia koti tu.
Anayasema haya huku mkono wake umelala juu ya mto,
mishipa imeungwa, imevimba kama kamba ya meli;
ukiuwekea sikio, unanguruma kama friji.
Na wangu hivyo hivyo. Na wa Lorraine.
Hakuna aliyelitaja hilo.
Lorraine aliutazama tu mkono wa Toivo,
akautazama muda mrefu,
akasema, "Mbona huo unafanya kazi?"

Mimi nilipakia chuma bandarini miaka thelathini na mmoja,
siwezi kunyamaza mtu akisema upuuzi.
Nikasema tatizo si mikono. Tatizo ni Brandvold,
kituo cha kwanza, miaka thelathini na saba,
magoti yanalia kama bawaba za ghala,
na kocha bado anampanga wa nne kupiga
kwa kuwa waliwahi kuvua samaki pamoja.
Hapo wote wawili wakanigeukia. Raha iliyoje.

Asiyekuwepo na lake halipo, husemwa.
Uongo. La Arvid lipo.
Lipo chini ya mkono wa kiti cha nne,
kwenye kipande cha plasta, kwa wino wa kalamu ya Pahoua:
AKANA 22. DOLA TANO.
Kijana wa miaka kumi na tisa, hajanyoa ndevu mara mbili,
na Arvid aliapa mwezi Februari
ataupeleka mpira nje ya uzio mara ishirini na mbili.
Toivo alipokea dau.
Machi kiti kikapigwa dawa, kikafutwa, plasta ikabaki.

Leo amekaa hapo msichana mwenye vipokea sauti masikioni.
Siku ya tatu, hajatuambia hata jina.
"Akana hawezi mpira wa kupinda," Toivo akamwambia dari.
"Ukipinda, yeye anapiga hewa."

Msichana akachomoa sikio moja.
"Thelathini," akasema. "Atapiga thelathini."
Akalirudisha.

Toivo akakaa kimya, kitu ambacho mashine haikukizoea.
Kisha akatia mkono huru mfukoni, taratibu,
akatafuta dola tano.

Kutoka leo hadi Septemba tuna vikao sabini na vinane.
Nimehesabu. Mechi sizihesabu, hizo zina wenyewe.
Ya kwanza ni leo saa saba mchana.
Dirishani theluji imeanza upya, mabonge kwa mabonge.
Toivo anasema wataahirisha.
Lorraine anasema wathubutu.